Kozi wa Upande wa Pili wa Uzio

Ardell Tollefson alikagua maziwa kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo sijasikia mfugaji yeyote wa wilaya yetu aliyefurahi kuona gari lake likiingia. Alikuja asubuhi na mapema, akafungua tangi, akanusa, akachota kijiko kimoja, akaonja, akatema, akaandika. Akiandika kwa kalamu nyekundu, tangi zima linamwagwa mtaroni. Alimwagisha maziwa ya mchungaji aliyembatiza. Alimwagisha ya kaka yake wa tumbo moja siku tatu kabla ya Krismasi, na Krismasi yenyewe akaenda kula kwa kaka yake huyo kama kila mwaka, akashangaa kwa nini wifi yake hamsemeshi.

"Mimi sijamwaga maziwa ya mtu," alikuwa akisema. "Yaliharibika yenyewe. Mimi niliandika tu."

Alipostaafu tulidhani atapumzika. Kumbe mtu aliyezoea kukagua haachi, hubadilisha tu kinachokaguliwa. Mumewe Orville, mtu mpole aliyepitisha ndoa nzima kwa kusema "haya" na "sawa," alikuwa amesimika mlingoti uani na juu yake kisanduku cha mbegu za alizeti, kisha akafariki kimyakimya kama alivyoishi. Ardell alikikuta kisanduku kina ndege. Akafungua daftari.

Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, hapa Ekdal, Minnesota, na habari hii nimesimuliwa mara mbili, mara moja na kila mmoja wao, yeye na jirani yake wa uzio, kwa hiyo palipo na uongo nitakuwa nimeugawa sawasawa. Theluji ya kwetu ikishashuka mwezi wa kumi na moja haina haraka ya kwenda popote. Kwa miezi mitano mtu ana dirisha la jikoni, ana kahawa, na ana ua wake wa nyuma. Wengine hutazama televisheni. Ardell alitazama mlingoti wa Orville, darubini shingoni, kalamu sikioni.

Daftari lilikuwa na sheria. Ndege huhesabiwa akiwa ndani ya ua. Akitua kwa jirani si wako. Akipita juu ya paa si wako. Na kila mwaka, mwezi wa pili, kwa siku nne, watu wa wilaya wapendao mambo hayo huhesabu ndege wa uani kwao na kumpelekea hesabu Curtis Wendt, daktari wa meno mstaafu, ambaye huijumlisha na kuibandika ukutani maktaba. Kwa miaka ishirini na miwili Ardell hakuwahi kuongeza hata shomoro mmoja. Alikuwa na aina arobaini na moja: wale wadogo wenye kofia nyeusi wasiojua baridi, wale wekundu wanaoonekana kwenye theluji kama tone la damu, gogota wa kila ukubwa, bundi mmoja aliyepotea njia. Kozi, yule ndege mwindaji, hakuwa naye. Curtis alikuwa amemwona kozi uani kwake mara mbili, na alikuwa muungwana, hakumkumbusha Ardell zaidi ya mara moja kwa mwezi.

Kindi hawakuwa na ukurasa daftarini. Kindi walikuwa wezi. Ardell aliupaka mlingoti mafuta ya kupikia. Kindi wakajilamba miguu, wakarudi na hamu zaidi. Akachanganya mbegu na pilipili. Wakala, wakapiga chafya, wakala tena. Akafunga bati la duara katikati ya mlingoti; wakapanda paa la gereji, wakajirusha kutoka huko. Kinara wao alikuwa kindi mnene wa kijivu, mkia umekatika nusu, ambaye aliweza kulala kifudifudi ndani ya kisanduku na kula bila kuinua kichwa.

Huyo aliitwa Diwani, na aliyempa jina ni Duane Kubista.

Duane alikuwa jirani wa upande wa mashariki, nyuma ya uzio wa mbao. Aliendesha lori la wilaya la kusukuma theluji kwa miaka ishirini na saba, na kila theluji ilipoanguka, theluji ya mtaa mzima iliishia mdomoni mwa njia ya gari ya Ardell. Ilikuwa bahati mbaya, miaka ishirini na saba mfululizo. Kiangazi cha mwaka wa sabini na tisa Ardell alikuwa amemwagisha maziwa ya baba yake Duane, tangi zima, na Duane, kijana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyefungua bomba. Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza. Walizungumza mengine.

Duane alipostaafu na magoti yakawa yamekwisha, aliwatengenezea kindi meza ndogo ya mbao yenye benchi lake, ukubwa wa kiatu, akapigilia misumari ya kuchomekea magunzi yenye mahindi.

"Duane!" Ardell aliita kutoka upande wake. "Unafuga panya, unajua?"

"Panya gani wana mkia wa namna ile, jirani? Mtazame Diwani anavyokaa mezani. Wewe mwenyewe kanisani hukai hivyo."

"Wakishiba kwako wanakuja kuniharibia kwangu."

"Wape kidogo basi, wataacha wizi. Mtu huiba kwa njaa."

"Huyo ana njaa? Tumbo linaburuta theluji!"

"Ndiyo maana nikamwita Diwani."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na pengine wangeendelea hivyo mpaka mmoja azikwe na mwingine alete bakuli la viazi vya kuoka msibani. Lakini mwezi wa kwanza wa mwaka jana, siku ya baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, Ardell aliinua macho kutoka kwenye kahawa yake akakuta ua umenyamaza. Hakuna aliyekuwa anaruka. Kofia-nyeusi mmoja alikuwa ameganda tawini kama aliyegundishwa. Ardell akainua darubini, akaipitisha juu ya uzio, na pale kwenye mwaloni wa Duane, hatua kumi na mbili ng'ambo ya mpaka, akamwona. Mgongo wa kijivu cha chuma, nyusi nyeupe, jicho jekundu lisilo na utani. Kozi.

Alimpigia simu Curtis.

"Hongera, dada Ardell," Curtis alisema. "Yuko upande gani wa uzio?"

"Wa Duane."

"Ah. Basi ni wa Duane."

"Duane hahesabu ndege!"

"Sheria unazijua wewe kuliko mimi," alisema Curtis, naye akaenda kunywa chai, nadhani, kwa raha.

Ardell alivaa koti akaenda uzioni. Duane alikuwa barazani anahamisha ile meza ndogo.

"Duane, unajua una kozi mtini?"

"Namjua. Jumatano amenichukulia mtu, yule kindi mdogo mwekundu mwenye kelele. Ndiyo nawahamishia wenzake huku chini ya paa, asiwaone." Alinyoosha mgongo, akamtazama yule ndege. "Simchukii. Na yeye ana tumbo. Lakini si kwenye meza yangu."

Wazee walisema kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda, yaani mwindaji hodari halali na njaa ila kwa hiari yake. Huyu wa kwetu hakupenda. Alibaki mtini siku baada ya siku, akilitazama baraza la Duane kama mtu aliyefungiwa duka usoni, na Ardell akabaki dirishani akimtazama yeye. Ua wake ulikuwa hapo hapo, mweupe, wazi, hauna paa. Kozi hakuwa na sababu ya kuuvuka uzio. Sababu zote zilikuwa barazani kwa Duane zinakula mahindi.

Ardell alikaa na wazo hilo siku mbili. Siku ya tatu aliendesha gari mpaka duka la vyakula vya mifugo la mji wa pili, akidhani huko hajulikani, akasahau kwamba kila mwenye ng'ombe katika wilaya tatu anamjua.

"Gunia zima la mahindi?" aliuliza muuzaji. "Ya nini, Bibi Tollefson?"

"Ya kuku."

"Tangu lini una kuku?"

"Tangu juzi."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, nijuavyo mimi, tangu ubarikio wake wa Kilutheri. Alisema haukuuma kama alivyotarajia.

Kila asubuhi, kabla taa ya jikoni kwa Duane haijawaka, alitoka na kopo akamwaga mahindi katikati ya ua, mahali peupe kabisa. Kindi wana adabu moja: panapomwagwa zaidi ndipo nyumbani. Siku ya nne walikuwa kwake wote sita. Ardell alijiambia asemavyo mkaguzi. Yeye hamlishi kozi mtu yeyote. Yeye anamwaga mahindi tu.

Shida ni kwamba mtu hawezi kukaa dirishani saa nane kwa siku akiwatazama viumbe wakila, wasimwingie kichwani. Hakukusudia kuwajua, lakini aliwajua. Mmoja alificha mahindi mahali pale pale ambapo mwenzake alikuwa ameyafukua punde tu, na wote wawili wakaondoka wameridhika. Mwingine alikula akiwa amejifunika mkia kichwani kama mwavuli. Diwani, ambaye hakuwa na mkia wa kutosha kujifunika, alikuja kukaa kwenye ukingo wa dirisha, na Ardell akichelewa, aligonga kioo.

"Subiri, bwana! Nina mikono miwili tu," Ardell alimwambia siku moja, kisha akageuka kutazama kama kuna aliyemsikia jikoni mwake mwenyewe.

Duane naye aliona benchi lake limebaki tupu. Alikuja mpaka mlangoni kwa Ardell, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu maziko ya Orville, akasimama kofia mkononi, masikio mekundu kwa baridi.

"Nakuuliza kitu kimoja tu," alisema. "Umewatilia sumu?"

"Nani?"

"Usinizungushe, Ardell. Wametoweka. Huyu kozi hawezi kula sita kwa wiki moja. Diwani sijamwona tangu Jumapili."

Nyuma ya Ardell, kwenye kioo cha jikoni, kitu kiligonga mara mbili.

"Bomba hilo," alisema Ardell upesi. "Linaganda. Mimi sijawatilia kitu, Duane. Naapa."

Duane alimtazama kwa muda. Alikuwa na macho ya mtu aliyelia kidogo na hataki kuulizwa. "Haya," alisema. "Nakuamini. Kwa mambo mengine yote wewe ni mgumu, lakini uongo hujui." Akaondoka akichechemea, na Ardell akafunga mlango akasimama nyuma yake mpaka kahawa ikapoa.

Siku nne za hesabu zikafika. Ijumaa kozi hakuonekana. Jumamosi alikaa mwalonini kutwa nzima, kichwa ndani ya mabega, kama aliyekuja kupumzika. Jumapili Ardell hakwenda kanisani. Alimwaga mahindi mara mbili ya kawaida, akakaa dirishani kwa kandambili zake za manyoya, daftari wazi, ukurasa umeandikwa tarehe, na mbele ya neno "Kozi" ameacha nafasi ya tarakimu moja.

Walikuja wote sita. Diwani alijikalia juu ya rundo lenyewe, akila kwa mikono miwili kama mtu wa harusini asiyejua lini ataalikwa tena. Kozi akanyoosha shingo. Ardell anasema aliona vidole vya yule ndege vikiachia tawi. Aliona vizuri sana, kwa darubini. Lilikuwa jambo alilolingoja miaka ishirini na miwili, na lilikuwa linakuja moja kwa moja, chini chini, juu ya uzio, bila sauti.

Anachokumbuka baada ya hapo ni kwamba alikuwa nje, theluji magotini, sufuria ya uji mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, anagonga na kupiga ukelele, "Ondoka! Ondoka, mshenzi we! Diwani, kimbia!"

Kindi watano walitawanyika. Kozi, ambaye bila shaka hakuwahi kushambuliwa kwa mwiko, alipinda hewani, mabawa yakapiga theluji, akapaa akatua juu ya mlingoti wa Orville. Alikaa pale. Alimtazama Ardell kwa lile jicho jekundu, naye Ardell akamtazama, hatua tatu, bila kioo katikati. Kisha akaondoka kuelekea mtoni, akinyanyuka polepole, na hakurudi tena.

Diwani alikuwa amekimbia kweli, ila alikimbilia mlango ulio wazi.

Duane aliyaona yote kutoka barazani kwake. Alikuja haraka kadiri magoti yalivyomruhusu, kikombe bado mkononi, akamfuata Ardell jikoni. Hapo sakafuni, kando ya jiko, palikuwa na gunia la mahindi, mdomo wazi, na mdomoni mwa gunia ulitokeza nusu ya mkia.

Duane alilitazama gunia. Akamtazama Ardell, aliyekuwa amesimama kwa soksi, kandambili zimebaki kwenye theluji.

"Yule bwana wa dukani aliniambia umefuga kuku," alisema. "Nikamwambia ana wazimu."

Ardell akaketi. "Nilitaka kozi avuke uzio."

"Avuke. Kwa nauli ya Diwani."

"Ndiyo."

"Halafu alipovuka ukampigia sufuria."

"Ndiyo."

"Sasa ulikuwa upande wa nani, mama?"

"Sijui, Duane. Usiniulize."

Duane alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Ndani ya gunia mtu alikuwa anatafuna. Mlango uliachwa wazi ili atoke akipenda, na nyumba ikawa inapoa kama kisima, lakini hakuna aliyeinuka.

"Nikuulize jingine basi," Duane alisema, "maana leo naona unajibu. Yale maziwa ya baba. Yalikuwa na nini?"

Ardell hakuhitaji daftari. "Vitunguu pori. Ng'ombe walikula vitunguu pori malishoni. Hayakuwa na madhara, ila harufu. Harufu nayo ni sheria."

"Vitunguu pori?"

"Juni nzima ile vilikuwa vimeota kila mahali. Kwa nini?"

Duane alikizungusha kikombe chake. "Usiku wa kuamkia siku ile zamu ya kuosha tangi ilikuwa yangu, nami nilikuwa na miadi na msichana. Nililisuuza tu kwa maji baridi. Miaka arobaini na tano mimi najua ni mimi niliyemwaga maziwa ya baba. Yeye amekufa anajua ni wewe, na mimi nikamwacha ajue hivyo."

Ardell alivuta soksi zake zilizolowa. "Mngeniuliza."

"Nani angekuuliza wewe kitu, Ardell?"

 Ardell akauliza, "Na ile theluji? Miaka yote ile mlangoni kwangu?"

"Ah, theluji nilikusudia," alisema Duane.

Ilikuwa yapata saa tano Diwani alipotoka guniani, akajipangusa masharubu, akapita katikati ya miguu yao bila salamu akaenda zake. Ndipo Duane alipoliona daftari.

"Hujaandika."

"Siandiki. Nilimtegea."

"Kwani mbegu za alizeti unazowawekea wale wadogo ni nini? Sadaka? Andika, mwanamke. Alitua kwenye mlingoti wako mbele ya macho yangu."

Curtis, alipopigiwa simu, alitaka shahidi. Ardell akampa Duane simu.

"Wewe unamjua kozi, Duane?" aliuliza Curtis, kwa sauti yake ya daktari wa meno.

"Amekula mgeni wangu, akataka kula wa pili. Namjua kuliko wewe."

Curtis akaandika. Lakini kwa kuwa wilaya yetu ina utaratibu, aliandika majina ya mwonaji na shahidi kwa mpangilio wa herufi, na karatasi iliyobandikwa maktaba mwaka ule ilisomeka hivi: "Kozi, mmoja. Kubista na Tollefson." Duane, ambaye hajawahi kuhesabu hata kuku, alienda kuipiga picha. Jumatatu iliyofuata ile Jumapili walikuja watu kumi na wanane na makamera marefu kama bunduki kumtafuta kozi uani kwa Ardell. Hawakumwona. Walimpiga picha kindi mnene mwenye mkia nusu aliyekuwa anagonga dirisha kwa hasira, na mmoja wao akauliza kama huyo ni wa kufugwa.

Kozi hatujamwona tena. Kindi hawakusahau walichofundishwa. Mwezi wa nne theluji ilipoyeyuka, vitunguu vya maua ya tulipu alivyopanda Ardell kabla ya baridi, sitini kwa hesabu yake, na hesabu yake mnaijua, vilichipua vitatu. Vingine vyote vilikuwa vimefukuliwa na kuliwa, ua mzima mashimo. Akina mama wa kanisa walipopita kwenda kwenye mkutano walisimama wakashangaa.

"Ardell, maua yako yamepatwa na nini?"

"Baridi," alisema Ardell.

Duane alikuwa amekaa kwenye ngazi zake, kahawa yake mkononi. "Mbaya sana mwaka huu," alisema. "Imeingia mpaka kwenye mizizi."